Boga Lililoota kwa Dada

Dada yangu hakupenda kitu chochote kibichi. Karoti mbichi aliiita chakula cha punda, kabichi mbichi chakula cha mbuzi, na saladi, neno alilolisikia hospitalini, aliiita majani yaliyokosa mpishi. Siku muuguzi alipomweleza kwamba sukari yake imepanda, kwamba apunguze wali na sembe, aongeze mboga na nafaka zisizokobolewa, dada alimsikiliza kwa heshima zote. Ndiyo mwanangu, asante mwanangu. Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Huyu binti ni mzuri," akasema, "ila anadhani mimi ni sungura."

Kisha tukanunua maandazi ya kulia kwenye basi.

Tuliishi wawili katika nyumba ya wazazi wetu, pembeni ya Dongobesh, pale duka la mwisho linapopakana na shamba la kwanza. Yeye aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, watoto wakatawanyika mijini, akarudi. Mimi sikurudi kwa sababu sikuwahi kwenda. Nilimaliza kidato cha nne nikabaki nyumbani kusubiri matokeo, na mtu akiniuliza leo ninafanya nini, jibu la kweli ni kwamba bado nasubiri. Wengine huolewa na watu, mimi niliolewa na nyumba. Haijawahi kunipiga, ila inavuja.

Kazi yangu ni kufuma vitambaa vya makochi. Ukiingia sebule nyingi za huku ukakaa ukaegemea, umeegemea kazi yangu. Ni kazi ya mtu asiyependa kutoka: unahitaji uzi, sindano, dirisha na macho. Uzi na sindano vinanunuliwa. Dirisha baba alituachia. Macho ndiyo hadithi yenyewe.

Sukari ilimwanzia dada machoni. Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali, mimi nafuma, yeye amekaa kwenye kigoda chake karibu na mafiga, akaniambia, "Mdogo wangu, fungua dirisha. Mbona umelifunga?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nilinyanyuka nikalifunga, kisha nikalifungua tena kwa kelele ili asikie.

"Hapo sawa," akasema.

 Nilirudi kwenye kitambaa changu nikafuma safu nzima bila kuona ninachofuma, na yeye akaendelea kukoroga chai yake, kijiko kikigonga kikombe, akiangalia mahali ambapo mimi sikuwa. Baada ya macho ukaja mguu, na baada ya mguu akaondoka yeye mwenyewe. Tukamzika upande wa chini wa nyumba, kando ya baba na mama, pale shamba linapoanza kuteremka. Waombolezaji walikula makande na maboga ya kuchemsha, kwa sababu ulikuwa wakati wa maboga, na mbegu mbichi walizokuwa wakitafuna zilitemwa popote watu walipokuwa wamesimama. Siku za msiba kwetu hakuna anayeshika jembe. Hakuna aliyepanda kitu pale. Naliweka wazi hilo mapema.

*

Mwaka uliofuata nilianza kukosea hesabu ya matundu. Kitambaa kinaanza mraba kinaishia kama kimevutwa na ng'ombe. Mteja mmoja alikigeuza huku na huku, akaniuliza kwa adabu upande wa juu ni upi. Nikalaumu uzi, na uzi ulipobadilishwa nikalaumu dirisha. Nilipojikuta nimenyoosha mkono kulifungua dirisha ambalo tayari lilikuwa wazi, nilikaa chini nikabaki nimeshika goti.

Nilipanda basi kwenda hospitali ya Haydom. Watu wa basi la Haydom huwa hawaulizani wanakokwenda. Kila mmoja amebeba bahasha yake na uso wake. Nilipimwa damu, nikapimwa macho. Daktari wa macho, kijana mwenye sauti ya chini, aliniambia kwamba nina sukari, kwamba huenda ninayo muda mrefu, na kwamba mishipa ya ndani ya jicho imeanza kuharibika.

"Imeanza tu," akasema. "Tunachotaka ni isisonge mbele. Ikisonga, hairudi nyuma."

"Dada yangu ilisonga," nikamwambia.

 Aliandika, akaweka kalamu chini, akasema, "Wewe si dada yako."

Alinipa vidonge. Muuguzi wa chumba cha pili akanipa maneno yaleyale aliyopewa dada: dona badala ya sembe, mtama, ulezi, mboga nyingi, nyingine mbichi, chai bila sukari. Na akaniwekea mpaka, kwa kuwa aliniona mtu wa kufikiria mambo mengi: mboga zinasaidia vidonge, hazichukui nafasi yake, nisije nikajifanya mganga. Nikasema ndiyo mwanangu, asante mwanangu, na hapohapo nikajisikia nimeyasema maneno ya dada. Nje nilipita mbele ya maandazi nikiyaangalia kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mtu anayemdai.

*

Kubadilisha sahani ukiwa peke yako ni jambo la kuchekesha. Ukiwa na marehemu jikoni ni jambo lingine.

Asubuhi ya kwanza nilikata kabichi nyembamba, nikaikamulia limau, nikaanza kuitafuna. Kabichi mbichi ina kelele. Katika ukimya wa nyumba ile nilisikika kama mbuzi wa watu aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Na hapo, nyuma ya bega langu la kulia, upande wa kile kigoda, nikasikia wazi: "Mdogo wangu, kuni zimeisha?"

Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitakuta kigoda.

Sisemi nilimwona. Sijawahi kumwona. Nasema tu kwamba watu wawili wakikaa jiko moja miaka mingi, mmoja akiondoka, maneno yake yanabaki yakijua mahali pa kukaa. Nilipopika uji wa ulezi bila sukari, nilimsikia akiguna. Nilipochemsha viazi vitamu na maganda yake nikavila na maganda yake, aliuliza kama tumehamishiwa jela. Wakati mwingine nilimjibu. Mara moja nilimjibu kwa sauti, na jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni.

Huyu jirani ni mke wa mwenye duka lile la mwisho. Wazazi wake walikuja kutoka Kondoa, mumewe watu wake walitoka Singida, na yeye mwenyewe amezaliwa hapahapa, lakini mpaka leo kuna wazee wanaomuuliza atarudi kwao lini. Tuna umri sawa na tumetaniana tangu shule ya msingi.

"Unaongea na nani?" akauliza.

"Na kabichi."

"Inajibu?"

"Inanung'unika."

Akaingia, akaangalia sahani yangu kwa muda. "Jirani, umefunga? Maana mfungo wangu haujafika, na Kwaresima yenu imepita. Hiyo karoti unaitafuna kwa dhambi ya nani?"

"Ya macho."

"Basi tafuna." Akakaa. "Lakini ujue unaniharibia biashara. Sukari hununui, sembe hununui, mafuta ya kupikia ndiyo kabisa. Mume wangu aliniuliza kama tumekukosea."

Kitunguu saumu nacho, ambacho huku hakikosekani, nilikula kibichi, punje kwa punje, mpaka kanisani benchi langu likapata nafasi. Watoto wa kwaya walihama safu. Mzee wa kanisa alinisalimia kwa mbali kama mtu anayevuka mto. Niliendelea. Mtu aliyemfungulia dada yake dirisha lililo wazi haogopi kunuka.

Na ikafanya kazi, taratibu, bila matangazo. Kwanza usingizi ukawa usingizi. Kisha miguu ikaacha kuwaka. Kisha asubuhi moja niliangalia kilima cha ng'ambo nikaona mti mmojammoja, na nikabaki nimeshika ufagio kama aliyeitwa jukwaani.

Kuhusu kufuma: tangu ujana wangu nilikuwa nafuma tausi. Mama alifuma tausi, mimi nikafuma tausi, na katika familia yetu hakuna aliyewahi kumwona tausi. Sasa, kwa sababu nilikuwa nakata mboga kutwa nzima, nilianza kuona vitu. Kata kabichi kwa upana, uiangalie: ile mistari inavyokimbizana kuelekea katikati, inakutana, inakwepana. Kata karoti: kuna nyota ndani ya duara. Nyanya ina vyumba. Nilikaa dirishani, mikono ikaanza kufuata kabichi bila kuniuliza. Nilifuma siku hiyo mpaka sufuria likaungua, jambo la ajabu kwa mwanamke ambaye siku hizi hapiki sana.

Nilimwonyesha jirani. Alikiweka mapajani, akakinyoosha.

"Umefuma kabichi," akasema.

"Ni ua."

"Jirani, mimi nauza kabichi. Hii ni kabichi."

Lakini aliondoka nacho, akakitandika kwenye kochi la wageni, na kabla msimu haujaisha sebule kadhaa za Dongobesh zilikuwa na kabichi, karoti na nyanya zilizokatwa, na tausi wakaachwa wapumzike.

Ningependa kusema nilifurahi tu. Nilifurahi. Ila kila nilipopata nafuu, jiko lilizidi kunyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Sauti ya upande wa kigoda ilipungua. Nilikuwa natafuna kwa makusudi, kwa kelele, nikisubiri atanie. Wakati mwingine alitania. Wakati mwingine ilikuwa meno yangu tu.

*

Kisha kikaja kiangazi, na bustani yangu ya nyuma ya jiko ikafa. Huku mvua zikikatika unakuja ule ukungu wa asubuhi wenye baridi, unalowesha nguo zilizoanikwa lakini hauloweshi ardhi. Mchicha ukakauka ukiwa umesimama. Figiri zikabaki vijiti. Mbuzi wa watu wakamalizia. Dukani kabichi zilikuja mara mojamoja, zimenyauka, na kwenda kutafuta mboga masoko ya mbali ni kazi ya watu wenye miguu ya kutembea, mimi si mmoja wao. Nikaanza kurudi nyuma kidogokidogo, kama mtu anayerudi kitandani huku akisema anakaa tu. Sembe leo, kwa sababu dona limeisha. Chai ya sukari kesho, kwa sababu ya baridi. Baada ya muda ule ukungu wa nje nikauona pia saa sita mchana, juu ya uzi wangu.

Katika ukavu wote ule kulikuwa na mahali pamoja pa kijani. Kwa dada.

Boga lilikuwa limeota lenyewe, kutoka kwenye mbegu zile zilizotemwa siku ya kumzika. Udongo wa kaburi ulichimbwa ukaenda chini sana, nadhani ndiyo maana ulishika maji kuliko shamba. Mmea ulitambaa juu ya dada, ukazunguka msalaba, ukateremka upande wa mama na kurudi, kana kwamba umeona huko si kwake. Majani mapana, machanga, yenye umande. Na katikati ya majani maboga yenyewe, yamelala kama watoto wa mtu. Kutoka dirishani kwangu, macho yakiwa yale niliyokuwa nayo, sikuona kitu kingine shambani ila ule ukijani.

Nilimuuliza jirani kama linaliwa.

"Hata mimi nisingekula," akasema. "Kitu kimeota juu ya mtu. Kaulize watu wenu."

Watu wetu waliobaki ni shangazi, dada yake baba, anayeishi Dirma na ng'ombe wake. Mimi kwenda Dirma ni kama mwingine kwenda Ulaya, lakini nilikwenda. Nilimkuta nje ya zizi, amefunga shuka, anamkemea ndama. Nikainama. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Umerudi shule?"

"Ni chakula, shangazi. Nakula mboga."

"Sisi tulikula mboga kwa sababu hatukuwa na kitu. Nyinyi mna kitu mnakula mboga. Haya, kaa."

Alinipa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, na nilipokuwa nakunywa nikamweleza juu ya boga. Aliacha kumwangalia ndama.

"Limeota juu yake kabisa, au kando?"

"Juu yake."

"Basi ni lake. Wa nyumbani hali. Ukila, umekaa naye mezani, na mtu aliyekaa nawe mezani ana haki ya kukuita."

"Akiniita?"

"Usiitike. Hata iwe sauti yake kabisa. Nyamaza mpaka umwone mtu kwa macho yako."

Nilicheka, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yamenileta. "Shangazi, hayo macho ndiyo yanayoondoka."

"Basi kunywa maziwa," akasema, "na uliache boga la watu."

*

Niliporudi niliacha boga la watu kwa siku chache. Kisha asubuhi moja nikashindwa kuingiza sindano kwenye tundu ambalo nililifuma mwenyewe. Nilijaribu, nikajaribu. Nikaweka kitambaa chini, nikachukua kisu na ungo, nikateremka kwa dada.

Nilimsalimia kwanza. Shikamoo dada. Ndivyo tulivyolelewa: huchukui kitu cha mkubwa bila salamu, hata kama amelala. Nilimweleza shida yangu, kwa kifupi, kama mtu anayeomba chumvi. Nikachuma majani machanga ya ncha, nikakata boga moja, nikapanda juu bila kugeuka.

Majani ya maboga yana nyuzi. Unayavunja kikonyo, unavuta uzi, unatoka mrefu mpaka kwenye jani, kisha unayasugua kidogo ndiyo yanalainika. Nilikaa nikivuta nyuzi zile kwa uangalifu wa mfumaji, nikayachemsha muda mfupi na nyanya, boga nikalipika na ganda lake. Mbegu nilizila mbichi, nikizipasua kwa meno. Na boga lile lilikuwa tamu. Nimekula maboga maisha yangu yote, lakini lile lilikuwa tamu kupita adabu, tamu kama chai aliyoipika yeye, ambayo kijiko kilisimama ndani yake. Niliweka kijiko chini mara ya kwanza. Mara ya pili sikukiweka.

Nilikula hivyo kila siku. Jioni nilifuma, na nilichofuma kilikuwa ule mmea. Nilianza kitambaa cha kochi kwenye kona moja, majani yakatambaa mpaka kona ya pili, nikawa natakiwa kufunga ukingo, na mkono ukakataa. Ulitoa tawi jingine, tawi likatafuta pa kwenda. Sijawahi kufuma vizuri namna ile. Sijawahi pia kuogopa kitu nilichokifuma mwenyewe. Jirani alikuja akakikuta kimejaa mapajani na kumwagika sakafuni.

"Hilo kochi ni la tembo?" akauliza. Kisha hakutania tena. Alikiangalia, akaangalia nje upande wa shamba, akaaga mapema.

Nikaitwa.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito, ule unaokula ukuta wa jiko ukiwa umesimama karibu nao. Nilikuwa nimeinama naokota kuni. Sauti ilitoka upande wa chini, wa mwanamke, ya kuvuta, bila haraka.

"Mdogo wangu wee."

"Abee," nikaitikia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba malezi yana nguvu kuliko akili. Mama alitufundisha kwamba mkubwa haiti mara mbili. Mkubwa akiita, mtoto wa kike anasema abee, kisha ndiyo anauliza kuna nini. Nimeitikia hivyo tangu nilipojua kusema. Shangazi alinionya vizuri kabisa, lakini mdomo uliitika kabla sijaufikia. Nilisimama na kuni mikononi, nikiwa nimeshatoa jibu, na jibu halirudishwi.

Hakuna aliyesema neno la pili. Ukungu ulipita taratibu mbele ya uso wangu. Inawezekana alikuwa mtu wa njiani akimwita mwenzake. Nusu ya Dongobesh ni wadogo wa mtu. Nilijieleza hivyo nikiwasha moto. Nilijieleza hivyo nikivuta nyuzi za majani. Lakini kuanzia siku ile nilijua kwamba tarehe ya kurudi kwa daktari haikuwa ya vipimo tu. Nilikuwa nakwenda kuambiwa kama nimeitwa.

*

Haydom walinitia matone machoni, yale yanayofungua mboni ili daktari aone ndani. Unakaa kwenye benchi ukisubiri yafanye kazi, na watu walio karibu nawe wanaanza kuyeyuka mmojammoja. Kando yangu alikaa mama aliyejifunga kitenge kichwani, ambaye aliniuliza kama nimekuja na mtu. Nikasema hapana. Kisha nikaona si jibu la kweli kabisa.

Daktari alikuwa yuleyule wa sauti ya chini. Aliniwekea mwanga jichoni, akaangalia, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Aliangalia muda mrefu kiasi kwamba nilianza kumlilia dada kimoyomoyo, kwa mara nyingine, na mimi mwenyewe pamoja naye.

"Haijasonga," akasema.

"Wapi?"

"Haijasonga mbele. Iko palepale. Na sukari yako imeshuka vizuri. Unakula nini?"

"Mboga. Maboga, sanasana."

"Unayapata wapi kiangazi hiki?"

"Nyumbani," nikasema.

Akanipongeza. Akaniambia niendelee, vidonge pia, nisilegee. Nilitoka nikiwa nimeshikilia ukuta kwa sababu ya yale matone, na kama mtu angeniangalia angedhani nimepewa habari mbaya.

Nilifika Dongobesh jua likiwa bado kali. Mboni zikiwa wazi vile, mwanga wote wa dunia unaingia bila kubisha hodi. Mabati yalikuwa moto mweupe. Njia ilikuwa maziwa. Nilishuka kupitia shambani, mkono juu ya paji la uso, na nilipoinua macho nikaona mtu ameinama kwa dada.

Sikuona uso. Niliona kitambaa cha kichwa, mgongo, na mikono ikitembea kwenye majani. Nikasimama. Nilikumbuka maneno ya shangazi, nyamaza mpaka umwone mtu kwa macho yako, lakini macho niliyokuwa nayo ni yale. Basi nikafanya ninachojua kufanya.

"Shikamoo," nikasema.

Yule mtu akaruka. "Marahaba," akajibu, haraka, kama aliyeshikwa. Kisha: "We. Tangu lini mimi ni mkubwa wako?"

Alikuwa jirani. Khanga yake ilikuwa imejaa majani ya maboga.

"Ulisema huwezi kula," nikamwambia.

"Nilisema. Kisha nikawa nakuangalia. Umekula kiangazi chote hujafa, tena unapendeza. Na wewe mwenyewe uliniambia shangazi yako kasema wa nyumbani hali. Mimi si wa nyumbani. Wazee wenu wananiuliza kila siku nitarudi kwetu lini." Akakusanya khanga. "Macho?"

"Hayajasonga."

"Alhamdulillah." Alinishika bega, akaliachia, akanitazama kwa aibu kidogo. "Ningekuomba ruhusa, ila nilipokusikia umerudi sikutaka unione."

"Umenisikia lini?"

"Sasa hivi. Nimekusikia jikoni unasogeza masufuria. Nikasema ngoja nichume upesi niondoke kabla hajateremka."

"Jirani, ndiyo kwanza nashuka kwenye basi."

Tukainua macho wote wawili. Juu yetu mlango wa jiko ulikuwa wazi. Sikumbuki kuuacha wazi, lakini pia sikumbuki kuufunga. Asubuhi ile nilikuwa na mengine.

"Nenda wewe," jirani akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye umepimwa macho."

Nikapanda. Nilitembea taratibu, si kwa ujasiri, kwa sababu ya mwanga. Ajabu ya yale matone ni kwamba juani yanakuumiza, lakini kwenye giza yanakuonyesha. Nilipovuka kizingiti nikaona jiko langu kama sijawahi kuliona: masizi ya kila boriti, ufa wa chungu, mafiga, kila sufuria na mfuniko wake mahali nilipoliacha. Niliangalia kona zote. Nikaangalia nyuma ya mlango. Niliangalia tena, kwa yale macho yaliyofunguliwa kabisa, na sikuacha kuangalia mpaka nikawa na hakika, na hakika ile iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Jirani alikuwa amesimama chini, khanga mkononi, akisubiri.

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Leta hayo majani."